Lenzi ya jicho haiishi muda

Kuna uvumi ambao nausikia mara kwa mara kutoka kwa wazee wanaokuja kuniona hapa Tuala. Wanasema kwamba lenzi bandia anayowekewa mtu akiondolewa mtoto wa jicho hudumu miaka michache tu, kisha sharti ing'olewe na kuwekwa nyingine. Wengine wameahirisha upasuaji kwa hofu hiyo, na sasa wanashikwa mkono na wajukuu kwenda msalani.

Ukweli ni kwamba lenzi hiyo hutengenezwa ili ikae jichoni maisha yote, na wengi wa wanaowekewa hawaibadilishi kamwe. Ukungu unaorudi miezi au miaka baadaye kwa kawaida si wa lenzi. Daktari anapoondoa mtoto wa jicho huacha kifuko chembamba cha asili ambacho ndicho hushikilia lenzi mpya. Utando wa nyuma wa kifuko hicho waweza kufanya ukungu. Tiba yake ni leza ya dakika chache, bila kisu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ni lini basi lenzi hutolewa? Kwanza, inapohama mahali pake. Nyuzi laini zinazoshikilia kifuko hukatika mtu akipigwa jichoni, iwe ni kwa tawi, pembe ya ng'ombe au ajali ya bodaboda. Pia zaweza kulegea kwa uzee na maradhi.

Pili, nguvu ya lenzi inapokuwa siyo. Kabla ya upasuaji hupimwa urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele. Kosa la milimita moja tu katika urefu huo laweza kumfanya mtu ahitaji miwani ya takriban dayopta tatu. Dkt Harold Ridley, aliyeanzisha tiba hii mjini London mwaka wa 1949, alikumbana na tatizo hilo kwa mgonjwa wake wa kwanza. Lenzi ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa akawa haoni vizuri vitu vya mbali.

Tatu, mara chache, lenzi yenyewe huingia chokaa na kufifia. Nne, huenda ikakwaruza sehemu za ndani na kuleta damu, uvimbe au presha ya jicho. Tano, kuna lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja. Baadhi ya watu huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, jambo gumu kwa dereva wa Barabara ya Namanga.

Hata hivyo, si kila tatizo la lenzi huhitaji kisu. Nguvu ikikosewa kidogo, miwani hutosha. Kubadilisha lenzi ni upasuaji mgumu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu kifuko hushikamana nayo kadiri muda unavyopita. Isitoshe, leza ikishatoboa kifuko, kazi huwa ngumu zaidi. Kwa hivyo usikubali leza kabla daktari wa macho hajathibitisha chanzo cha ukungu.

Hapa ndipo nina maoni yangu. Kila anayewekewa lenzi, hata katika kambi ya matibabu ya bure, apewe kadi inayoonyesha aina ya lenzi, nguvu yake, jicho lililotibiwa na tarehe. Haigharimu kitu, kwani pakiti ya lenzi huja na vibandiko vyenye habari za lenzi hiyo. Mtu aliyetibiwa Kikuyu leo huenda akaumia jicho akiwa Kajiado miaka kumi baadaye, na daktari atakayemwona atalazimika kubahatisha. Ikiwa unampeleka mzazi wako, usiondoke bila kadi hiyo, na uihifadhi pamoja na kitambulisho chake.

Jambo la mwisho: baada ya upasuaji, jicho likiuma, likiwa jekundu au likipoteza nuru ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usinunue matone dukani, kwani huenda ni maambukizi, na hayo hupofusha kwa siku chache.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Macho nayo ni mali.