BARAZA YA MALEZI: Haya na Woga wa Mwaka wa Kwanza



Kila Septemba inapomalizika, nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza hupungukiwa na mtu mmoja. Kijana hufungasha mablanketi, sufuria na msahafu wake, akapakiwa garini na kupelekwa chuo kikuu katika mji asioujua. Mwezi huu tunapenda kumzungumzia mmoja katika vijana hao: yule mpole, asiyesema mpaka asemeshwe, ambaye sisi wenyewe tulimlea hivyo na tukamsifu kwa hivyo.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kijana mwenye haya hujiona ndiye kuku huyo kila aingiapo mahali: katika ukumbi wa mihadhara, katika jiko la pamoja, na zaidi katika semina, yaani darasa dogo ambamo kila mmoja hutarajiwa kutoa maoni yake. Kwetu, kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu. Huku, mwanafunzi anyamazaye hudhaniwa kuwa hakusoma.

Tunamjua binti mmoja wa jamaa zetu, ambaye kisa chake tunakisimulia kwa idhini yake. Bweni lake lilikuwa na jiko moja kwa watu sita. Siku ya tatu alikuta kikaango chake kimekaangiwa nyama ya nguruwe. Aliona haya kusema. Akavificha vyombo vyake chini ya kitanda, akawa anakula mkate na biskuti chumbani. Alipozoea kujifungia, semina nazo zikaanza kumpita. Kila usiku mama yake alimpigia simu. "Umekula, mwanangu?" "Nimekula, mama." "Masomo je?" "Alhamdulillahi." Likizo ya Desemba ndipo mama alipoona nguo zinampwaya binti yake, na ndani ya mkoba ikaonekana barua ya chuo ya kumwonya juu ya utoro.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Shule ilikuwa ikituletea ripoti na kutuita mikutanoni. Chuo kikuu hakina ada hiyo. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima kisheria na habari zake ni amana yake. Kwa kawaida chuo hakimwandikii mzazi bila ya ridhaa ya mwanafunzi, isipokuwa pengine kwa dharura kubwa. Basi tusiuchukue ukimya wa chuo kuwa ni dalili ya salama.

Kisa hiki hatukisimulii kwa kumcheka. Sisi wenyewe tulipoingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1981, tulikaa safu ya nyuma muhula mzima bila ya kufumbua kinywa. Maswali tulikuwa nayo. Tuliyapanga kichwani kwa Kiingereza, tukayasahihisha sarufi, na yalipokuwa tayari mjadala ulikwisha hamia kwingine. Aliyetuokoa ni mwenzetu wa chumbani. Alitushauri tuliandike swali moja usiku, tulisome kutoka kwenye karatasi, tena tuwe wa kwanza kusema, kwani msemaji wa kwanza hana wa kulinganishwa naye. Siku hiyo karatasi ilitetemeka mkononi, lakini swali lilijibiwa.

Dini yetu imeisifu haya na kuihesabu kuwa ni tawi la imani. Lakini haya humzuia mtu na baya. Kinachomzuia na haki yake au na elimu ni woga uliovaa nguo za haya. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ikiwa wao waliuliza hata mambo ya siri ya mwili, kitu gani kimzuie binti yetu kumwuliza mwalimu wa kemia?

Kwa hiyo, wanetu, jaribuni haya machache. Semeni neno moja katika semina mbili za mwanzo, kwani kila wiki ya kimya huifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Wahadhiri huweka saa maalumu za kuonana na wanafunzi. Nendeni, maana kusema na mtu mmoja ni kwepesi kuliko kusema mbele ya ishirini. Mjueni mapema mwalimu mliyepangiwa kuwa mlezi wenu. Vyuo vingi vina chumba cha sala na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Shirikisho lao, FOSIS, lipo tangu mwaka 1963. Ijumaa fikeni mapema msaidie kutandika mikeka: mwenye kazi mkononi hahangaiki kutafuta la kusema. Tena, katika kozi nyingi za hapa alama za mwaka wa kwanza zinatakiwa kufikia kiwango cha kufaulu tu, wala hazihesabiwi katika shahada ya mwisho. Ulizeni utaratibu wa chuo chenu. Huenda huu ndio mwaka wa kujikwaa bila ya hasara kubwa.

Yule binti alirudi chuoni Januari. Jioni ya kwanza alimgongea jirani yake mlango, kikaango mkononi, akamweleza. Jirani akacheka, akafungua kabati lake: naye hali nyama kabisa, na sufuria yake alikuwa ameificha humo tangu Oktoba. Wakagawana rafu moja jikoni, na wakawa wanapika pamoja. Sasa yuko mwaka wa pili.

Nanyi wazazi wenzetu, mtakapopiga simu usiku wa leo, msiulize, "Umekula?" Ulizeni, "Leo umekula na nani?" Kisha nyamazeni kidogo, msikilize jawabu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo, inshaAllah.