Mashine isimpangie mwanao dozi

Mtoto akishikwa na homa usiku, mzazi wa siku hizi hushika simu kwanza. Miongoni mwa anayoyakuta humo ni makala za Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa na watu wanaojitolea. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003.

Wanaojitolea ni wachache, magonjwa ni mengi. Ndiyo maana tangu 2015 kamusi hiyo ina zana ya kutafsiri makala, ambayo humwandalia mtafsiri rasimu ya mashine. Ni msaada mkubwa. Lakini saa 8 ya asubuhi kwa Kiingereza ni saa 2 kwetu. Rasimu ikiandika "saa 8", dozi ya asubuhi italiwa mchana. Na "mara moja" je? Ni mara moja kwa siku, au sasa hivi?

Zana hiyo hupima sehemu ya rasimu iliyoachwa bila kuguswa. Ikizidi, humwonya mtafsiri au humzuia kuchapisha. Ni utaratibu mzuri, ila haukamati kosa la tarakimu moja. Kwa maoni yetu, panapotajwa dozi, uzito au saa, programu isimame hadi mtu mwenye ujuzi athibitishe.

Nawe mzazi, soma ili uuelewe ugonjwa na uwe na maswali ya kuuliza. Dozi ipangwe na mhudumu aliyempima mwanao. Akipata degedege au akishindwa kunyonya, weka simu chini, mkimbize kituo cha afya.