Miguu ya Mtoto Huokolewa Lini?

Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walitoa taarifa iliyowashangaza wengi: walipitisha vyombo vyembamba tumboni mwa mama mjamzito, wakakata nyuzi za chupa ya uzazi zilizokuwa zimekikaba kiungo cha mtoto aliyekuwa bado hajazaliwa. Bila ya hivyo, kiungo kile kingeweza kufa na kukatika humo humo tumboni.

Habari za namna hii zikifika katika darasa la biolojia la Nshamba, wilayani Muleba, wanafunzi hustaajabu, nao wana haki. Hata hivyo lipo swali ambalo staajabu hiyo hulificha. Katika nchi ya migomba na maharage, miguu ya mtoto huokolewa lini?

Ugonjwa unaolidai jibu zaidi ni ule wa mgongo wazi. Katika majuma ya kwanza ya mimba, utando mmoja mgongoni mwa kiinitete hujikunja ukawa bomba. Bomba hilo ndilo ubongo na uti wa mgongo wa baadaye. Lisipofumba, mishipa ya fahamu hubaki nje, ikaharibiwa na maji ya chupa mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana mtoto huweza kuzaliwa na miguu iliyopooza, na mara nyingi kichwa hujaa maji.

Upasuaji kabla ya kuzaliwa unasaidia. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 uliwahusisha akina mama 183. Nusu yao hivi walipasuliwa kabla ya juma la 26 la mimba, mgongo wa mtoto ukashonwa, mtoto akaachwa aendelee kukua. Katika umri wa miezi 30, watoto 42 katika kila 100 wa kundi hilo waliweza kutembea bila vifaa. Waliofanyiwa upasuaji baada ya kuzaliwa walikuwa 21 tu. Faida hiyo ina gharama yake: watoto wengi zaidi walizaliwa kabla ya wakati, na mji wa mimba wa mama hubaki na kovu linaloweza kupasuka katika uzazi wa baadaye. Tena zaidi ya nusu ya watoto hawakuweza kutembea bila vifaa hata hivyo.

Mtoto wa Nshamba azaliwaye hivyo hupelekwa hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka nyumbani. Huko hutibiwa, na kutibiwa kwake ni jambo kubwa. Lakini uharibifu wa mishipa ulikwisha kutendeka.

Bomba lile hufumba kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama mwenyewe huenda hajajua kuwa ni mjamzito (na ni dhuluma kumlaumu kwa lolote). Vidonge vya asidi ya foliki apewavyo kliniki, ambako wengi hufika baada ya juma la 12, humfaa kwa damu yake. Kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Ilhali utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi hiyo ikimezwa kabla ya mimba, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hii, hupunguza hatari kwa kadiri ya asilimia 72.

Serikali ililiona hilo. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa ngano na wa mahindi utiwe asidi ya foliki viwandani. Ni uamuzi mwema, ila ulimlenga mla ugali wa dukani. Chakula cha Mhaya hutoka kibanjani, hakipiti kiwandani. Ndizi ina foliti kidogo; maharage yanayo zaidi, lakini sehemu yake huharibika kwa moto au humwagwa pamoja na maji.

Basi chombo kingine kinahitajika. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa asidi hii haiyeyuki katika mafuta. Chumvi yafaa kujaribiwa: kila jiko la Nshamba huinunua, nayo imekwisha kuzoea kutiwa madini joto. Wapo watakaouliza kama itadumu ghalani bila kuharibika au kubadili rangi. Swali hilo ni la haki, na maabara za nchini zina uwezo wa kulijibu kwa gharama ndogo kuliko chumba kimoja cha upasuaji wa mtoto tumboni. Wakati jibu likingojewa, kidonge cha kila juma chenye madini ya chuma na asidi ya foliki, ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa wasichana na wanawake palipo na upungufu mwingi wa damu, kingeweza kugawiwa katika shule za sekondari za Muleba, pamoja na somo la siku zile 28.