Elimu ya Angani na Ianzie Mtoni

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Jina likawa letu; ujuzi ukabaki wa wageni.

Kutoka Ngao hadi Ngomeni si safari ndefu. Aidha, maji ya Tana hufika Ngao yakiwa yamekwisha kuzungusha mitambo ya umeme huko juu, Masinga hadi Kiambere. Lakini ujirani haurithishi elimu. Mwalimu na ampeleke mwanafunzi mtoni, wapime kasi ya maji kwa kijiti, kamba na saa. Hesabu ya mtambo huanzia hapo.

Wapo waliothubutu. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifika angani. Mwaka 2023 ikafuata Taifa-1, ya kuipiga picha ardhi. Picha za namna hiyo huonyesha mafuriko yanavyotanda. Nani ayajuaye mafuriko kuliko mtoto wa Ngao? Basi kazi yake isiwe kuhama tu kila maji yajapo. Afunzwe hisabati na fizikia hata azisome picha hizo, na vyombo vyenyewe aviunde. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.