Wafunzwe Kutanguliza Lililotokea

Kumfunza mwanafunzi wa sekondari kuandika kichwa cha habari na aya yake ya kwanza si mchezo wa maneno. Ni kumfunza kutanguliza ukweli. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Kwa kichwa, maneno matatu yatosha: MELI YAZAMA NUNGWI. Aya ifuatayo itaje meli gani, lini, na wangapi wameokolewa kwa hakika, si kwa uvumi. Hotuba za viongozi zingoje chini. Habari ya namna hiyo huwafaa jamaa walioko bandarini, na huifaa Serikali inayotuma waokoaji. Tunawahimiza wakuu wa elimu Visiwani wayatengee mafunzo haya vipindi vya Kiswahili.