Akili mnemba isije kabla hatujasafisha kabati (Sehemu ya 4)

Wapendwa, jana niliishia kwenye ile programu ya akili mnemba tuliyoahidiwa, itakayosoma nyaraka zote za hospitali na kutujibu maswali. Leo natoa msimamo wangu: naitaka. Ila kabati la miongozo lisafishwe kwanza.

Usiku mmoja wodi ya wazazi, mama kajifungua salama, mara damu ikaanza kumwagika. Tulikuwa wauguzi wawili. Oksitosini tumempa, mfuko wa uzazi tunasugua, damu haikatiki. Mwenzangu, bado mgeni kazini, akaniuliza: "Sista, traneksamiki tunampa sasa hivi au tunasubiri?" Bango ukutani lilisema tusubiri. Mimi nilijua tofauti kwa sababu tu nilifundishwa na sista mmoja ambaye sasa kastaafu. Nikampigia daktari, akasema mpeni. Mama yuko hai. Lakini jamani, uhai wa mtu utegemee nani yuko zamu?

Bango halikudanganya, lilizeeka tu. Mwongozo wa WHO wa 2012 uliiweka dawa hiyo nyuma, itumike hasa nyingine zikishindwa. Mwaka 2017 ukabadilika: gramu 1 kwenye mshipa, mapema, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa kama asilimia 10.

Sasa njoo kwenye mashine. Uzuri wake haitafuti neno tu, inatafuta maana. Ukiandika "mama anatoka damu sana", inakuletea ukurasa wa utokaji damu baada ya kujifungua. Lakini yenyewe haijui kipi kimepitwa na wakati. Ukiilisha miongozo yote miwili, inaweza kukujibu ya 2012 kwa lugha safi, bila kusita. Bango angalau unaona limechakaa.

Kwa hiyo wakubwa, naomba matatu. Moja, ateuliwe mtu wa kuondoa nyaraka za zamani, na apewe muda wa kuifanya hiyo kazi. Mbili, kila jibu lioneshe limetoka ukurasa gani na mwaka gani. Tatu, masista wanaokaribia kustaafu tukae nao, tuandike wanayoyajua. Yakibaki kichwani wakaenda nayo nyumbani, hakuna mashine itakayojifunza.

Kesho naingia usiku. Lile bango nimeshalibandua. Tuonane Sehemu ya 5.