Mali ya Umma, Umma Usiguse

Kwenye maonyesho ya kilimo kuna hema moja ambalo silipiti bila kuchungulia. Ndani mna kikaushio cha maembe, kimezungushiwa kamba, na kibao mbele: "Usiguse." Kila mwaka hupakwa rangi mpya. Ila ni kilekile.

Mjomba wangu ni fundi wa Kamukunji. Amechomelea vyuma tangu kabla sijazaliwa: majiko, masanduku ya shule, wilbaro. Alipokiona kikaushio kile mara ya kwanza hakuuliza bei. Aliuliza, "Nani anaviunda?"

"Bado, mzee," kijana wa hemani akamjibu kwa heshima. "Huu ni mfano tu."

Tukafunga safari hadi kwenye taasisi yenyewe, taasisi ya serikali ambayo sitaitaja. Mjomba alitaka michoro, na siku mbili tu na mtafiti. Tukajaza fomu. Tukadaiwa cheti cha kampuni. Fundi wa jua kali akitoe wapi? Tukaambiwa tungoje kamati. Safari ya tatu ofisa mmoja akatutolea uvivu: "Mzee wangu, hii ni mali ya umma. Haiwezi kutoka ovyo ovyo."

Mjomba akanigeukia. "Kwani umma ni nani?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Acha nijaribu mimi.

Wakubwa wetu hupenda kusema Wakenya hawathamini sayansi. Uongo. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya H611, uzao wa mahindi ya Kitale na mengine ya kutoka Ekwado. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956 na yenye makao papo hapo Kitale, ikaizalisha mbegu hiyo. Ikatiwa kwenye pakiti ndogo, ikafika kwenye maduka ya vijijini, na mkulima mdogo aliyezoea kupanda punje za ghalani akatoa pesa yake mfukoni akanunua. Hakuhitaji semina ya kuthamini sayansi. Mtafiti, mzalishaji na muuzaji walikuwa wameshikana mikono kabla mkulima hajafika dukani.

Sasa linganisha na Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Mwaka 1990 magari ya majaribio yakaonyeshwa Kasarani, tukapiga makofi. Wahandisi walitimiza wajibu wao, na magari yalitembea. Lakini hayakuingia sokoni kamwe. Tulikuwa na gari la kuonyesha rais, hatukuwa na wa kuliunda kwa wingi wala wa kulinunua. Hemani tulikwama tangu zamani, bana.

Kosa letu ni kudhani teknolojia ni karatasi. Ati ukishapata hataza, ukatia sahihi hati ya makubaliano na kupiga picha mkishikana mikono, teknolojia imehama. Haijahama popote! Mjomba alichoka kungoja kamati, akakiunda kikaushio kwa kukumbuka alichokiona nyuma ya kamba. Chuma kilikaa sawa kabisa. Maembe yakatoka yameiva nje, mabichi ndani. "Chuma nakijua," aliniambia. "Moto wake ndio siujui." Moto ule, na njia ya hewa kati ya trei, vilikuwa kichwani mwa mtafiti mmoja mwenye mshahara wa serikali. Siku mbili tu zingetosha.

Taiwan walilielewa hilo. ITRI, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1973, ilituma wahandisi wake Marekani wakajifunze kutengeneza chipu katika kampuni ya RCA. Waliporudi wakaendesha kiwanda cha majaribio. Humo ikazaliwa UMC mwaka 1980, kisha TSMC mwaka 1987. Taasisi haikutoa michoro peke yake. Ilitoa mitambo, na ikawaachilia watu wake waende nayo.

Najua nitajibiwa kwamba pesa hakuna. Kweli, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na hatujawahi kufika huko. Hilo ni deni, na serikali ilipe. Lakini kumpeleka mtafiti Kamukunji siku mbili ni nauli ya matatu. Kilichokosekana si nauli.

Nitajibiwa pia kwamba mtu binafsi asitajirike kwa jasho la umma. Sawa, basi mtozeni ada ndogo kwa kila mashine anayouza. Anayeumia kikaushio kikilala hemani ni mkulima wa Makueni anayetazama maembe yakioza chini ya mwembe. Huyo naye ni umma, tena umeshamlipisha kodi.

Basi nadai mambo matatu. Taasisi ibandike mlangoni orodha ya inachokijua, pamoja na bei ya kukipata. Mtafiti aruhusiwe kwenda na kazi yake kiwandani au jua kali mwaka mzima bila kupoteza cheo. Na mkurugenzi asiulizwe amefanya maonyesho mangapi; aulizwe ni karakana ngapi zinaunda na kuuza alichovumbua.

Mwaka ujao nitarudi kwenye hema lile na Mjomba. Tukikuta rangi mpya, nitaivuka kamba.